Kuomba, Kudahiliwa, Kusajiliwa
Mtahiniwa anayelenga chuo kikuu nchini Kenya hana budi kutofautisha istilahi tatu. Kuomba ni kuwasilisha machaguo ya kozi, kwa mfano kupitia KUCCPS, asasi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kudahiliwa, kutokana na Kiarabu *dakhala*, yaani kuingia, ni kukubaliwa katika kozi mahususi. Kusajiliwa hufuata baadaye, chuoni kwenyewe. Gredi ya wastani ya C+ katika KCSE humpa mtahiniwa haki ya kuomba shahada tu. Masomo manne ya kundi husika huchangia kuamua ushindani. Basi anayeshangilia C+ bila kusoma masharti ya kozi ameufikia mlango, hajaingia.