Uwezo Unaosubiri Kuamshwa: Somo kutoka kwa Mwogeleaji Husnah Kukundakwe

Katika masomo yetu ya falsafa tunakutana mapema na fundisho la Aristotle ambalo Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipokea na kulikuza: kila kiumbe kina kile ambacho tayari kipo, na kina kile kinachoweza kuwa. Mbegu ya parachichi si mti, lakini ina uwezo wa kuwa mti. Tena uwezo haujiamshi wenyewe. Mbegu iliyosahauliwa juu ya kabati haitatoa hata jani moja. Inahitaji udongo, maji na mkono wa mpandaji. Leo tulisome fundisho hili katika maisha ya binti mmoja wa nchi jirani.

Binti huyu ni nani?

Husnah Kukundakwe alizaliwa Uganda tarehe 25 Machi 2007, bila sehemu ya chini ya mkono wa kulia. Mkono wake wa kushoto nao una ulemavu. Alipokuwa mdogo alizoea kuvaa sweta ili kuuficha mkono wake, kwa sababu ya macho ya watu. Alipojifunza kuogelea, hakuwa na wenzake wenye ulemavu wa kushindana nao nyumbani, hivyo alishindana na watoto wasio na ulemavu.

Mwaka 2019, akiwa na miaka 12, alishiriki mashindano ya dunia ya waogeleaji wenye ulemavu mjini London. Mwaka 2021 alifika Tokyo kwenye Michezo ya Paralimpiki, iliyokuwa imeahirishwa mwaka mmoja kwa sababu ya UVIKO-19. Alikuwa na miaka 14, na ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wanamichezo wote wa michezo ile. Aliogelea mita 100 kwa mtindo wa chura. Hakurudi na medali, lakini hakuacha. Mwaka 2024 alishiriki tena, safari hii mjini Paris.

Haki katika bwawa

Mtu anaweza kuuliza: asiye na mkono anashindanaje na mwenye mikono miwili? Jibu ni kwamba wataalamu humpima kwanza kila mwogeleaji, kisha humpanga katika daraja. Daraja 1 hadi 10 ni za ulemavu wa viungo, 11 hadi 13 ni za wasioona au wenye uoni hafifu, na 14 ni la ulemavu wa akili. Katika viungo, namba ikiwa ndogo, ulemavu ni mkubwa zaidi. Mtindo wa chura una madaraja yake, kwa kuwa miguu hufanya kazi kubwa kuliko katika mitindo mingine. Tokyo, Husnah aliogelea katika daraja la 8 la mtindo huo.

Hapa tunaona haki kama wanafalsafa wanavyoieleza: kumpa kila mtu stahili yake. Kuwasimamisha wote mstari mmoja na kupuliza filimbi kunaweza kuonekana ni usawa, kumbe ni dhuluma. Madaraja yale hayampi Husnah ushindi wa bure. Yanampa nafasi ya kushindana kweli, na kushindwa kweli pia.

Hujafa hujaumbika

Wazee wetu walisema, "Hujafa hujaumbika." Methali hii imewazuia wengi kumcheka mwenye ulemavu. Hata hivyo tukiitazama vizuri, inatuzuia kwa hofu: usimcheke, yasije yakakupata. Hofu inaweza kufunga mdomo, lakini haifungui mlango. Tunaweza kuacha kumcheka mtoto na bado tukamwacha ndani.

Katika kazi za kichungaji Makambako tuliwahi kuingia nyumba moja, tukapokelewa vizuri: "Kamwene, mafrateri, karibuni." Watoto wote waliitwa kusalimia, isipokuwa mmoja. Tulipoisikia sauti yake chumbani tukauliza. Mama akajibu kwa upole, "Huyo mwacheni tu, hawezi kutembea." Hakuwa mama mkatili. Alikuwa anamlinda na yale macho ambayo Husnah aliyakwepa kwa sweta. Basi lawama haimwangukii yeye peke yake. Inatuangukia sisi wenye macho.

Papa Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, aliwakumbuka watu wenye ulemavu wanaohisi kwamba wapo, lakini si sehemu ya jamii na hawashiriki. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki zao za elimu, kazi na kufika sehemu za umma. Lakini sheria haibebi kiti cha magurudumu kupanda ngazi za kanisa. Watu ndio wanaobeba, au wanaojenga njia ya mteremko pembeni ya ngazi.

Vijana wengi wa Njombe na Makambako hawajawahi kuingia katika bwawa la kuogelea, na kwa baridi yetu ya Julai hatuwalaumu. Lakini kwaya tunazo, utoto mtakatifu upo, viwanja vya mpira vipo, na shule zipo. Husnah alihitaji familia, kocha, maji, na watu waliokubali kumpima kwa haki. Mtoto wa chumbani anahitaji mtu wa kwanza wa kuuliza jina lake.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu kuna mtoto ambaye hatujawahi kumwona, ingawa tunajua yupo?

2. Mtu asiyeweza kupanda ngazi anaingiaje kanisani kwetu, na anaketi wapi?

3. Ni kazi gani ya parokia tunayoweza kumkabidhi mwenye ulemavu, si kwa kumhurumia bali kwa sababu anaiweza?