Bustani Katika Nchi ya Kigeni

JUMATANO

Soma Yeremia 28:1–4 na Yeremia 29:4–10. Ujumbe wa Hanania ulitofautianaje na barua ya Yeremia? Kila ujumbe ungemfanya mateka aitazame ardhi ya Babeli kwa jinsi gani?

Mwaka 597 K.K. Nebukadreza alimchukua mfalme Yekonia, pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi, akawapeleka Babeli. Baadaye Hanania alisimama hekaluni Yerusalemu akiwa na habari tamu: miaka miwili tu, na mateka watarudi. Barua ya Yeremia ilitaja miaka sabini. Tena iliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula mazao yake.

Mfikirie mtu aliyemwamini Hanania. Kwa nini achimbe tuta katika nchi atakayoihama karibuni? Angekaa akiwa amefunga mizigo, huku watoto wake wakingojea chakula cha kununua. Tumaini la uongo liliiacha ardhi bila kulimwa. Ahadi ya kweli, ingawa ilikuwa ya muda mrefu, ilimpa mtu jembe mkononi.

Sisi nasi tunangojea kwenda nyumbani. Lakini nyakati nyingine tunalitumia tumaini hilo kama udhuru. Tunasema, "Dunia hii si kwetu," au, "Nyumba yenyewe ni ya kupanga." Hata hivyo, Mungu aliyeahidi kuwarudisha watu wake ndiye aliyewaambia wapande. Kulima na kungojea havipingani. Kazi ya kuitunza bustani ilitolewa kabla dhambi haijaingia (Mwanzo 2:15).

Soma Mithali 15:17 na Danieli 1:8–16. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu heshima ya chakula cha kawaida?

Suleimani anaweka mboga upande mmoja na ng'ombe aliyenona upande mwingine, kisha anachagua mboga, mradi pana upendo mezani. Danieli, aliyekuwa mateka katika Babeli hiyohiyo, aliomba chakula rahisi na maji mbele ya meza ya mfalme, wala hakuona haya.

Katika nyumba zetu nyingi, mboga za majani zimekuwa chakula cha mwisho wa mwezi. Mgeni akibisha hodi, sufuria ya mnavu inafichwa, na mtoto anatumwa dukani kukopa. Mtoto huyo hujifunza kutokana na aibu ile kuliko anavyojifunza kutokana na mahubiri yetu yote ya afya. Tukitaka aheshimu mboga, na aione ikiletwa mezani mbele ya mgeni kwa uso wa furaha.

Njia za wazee wetu

Kuanza hakuhitaji shamba. Tuta moja nyuma ya jiko, au gunia lililojazwa udongo na samadi, latosha. Gunia likiwekewa nguzo ya mawe katikati, maji hufika mpaka chini.

Maganda ya viazi, majani makavu na majivu kidogo yasitupwe. Yarundike pamoja yaoze yawe mboji. Samadi nayo iachwe ioze vizuri, kwa maana ikiwa mbichi huunguza mizizi. Funika udongo kwa nyasi kavu ili usikauke upesi, na umwagilie asubuhi au jioni, si jua kali likiwaka. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa kwa kazi hiyo.

Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne. Basi usipande mbegu zote siku moja. Panda mstari mmoja, na baada ya wiki mbili mwingine, nawe hutakosa mboga. Sukuma wiki ivunwe majani ya chini, ya juu yaachwe yakue. Matembele hayahitaji mbegu: omba vipande vya shina kwa jirani, uvizike nusu katika udongo wenye unyevu. Miche michache iliyo bora iache itoe mbegu za msimu ujao. Na usirudie mboga ileile mahali palepale kila msimu, maana magonjwa na wadudu wake huzoea hapo.

Jikoni, osha mboga kabla ya kukata, na usiipike mpaka ipoteze rangi. Karanga zilizosagwa huongeza ladha na husaidia mwili kutumia vitamini A iliyomo. Kisamvu peke yake hakitaki haraka: kitwangwe na kuchemshwa vizuri, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu.

Siku ya Maandalio, mwagilia na kuchuma mapema, ili jua la Ijumaa linapotua bustani nayo ipumzike.

Soma tena Yeremia 29:7. Mateka waliagizwa kuutakia amani mji wa nani?

Ni mji wa waliowateka! Bustani iliyopandwa kwa imani haiishii kwenye sufuria ya mwenyewe. Fungu la mchicha linalovuka ua kwenda kwa jirani asiye wa imani yetu huweza kufungua mlango ambao kijitabu hakijaufungua. Naye mwenye mengi akumbuke pembe za shamba zilizoachwa kwa ajili ya maskini na mgeni (Walawi 19:9, 10).

Maswali ya kujadili

1. Je, kuna jambo jema unaloliahirisha kwa kisingizio kwamba Yesu yu karibu kuja? Yeremia angekuandikia nini?

2. Watoto wa nyumbani mwako wakiulizwa chakula cha heshima ni kipi, watajibu nini? Walijifunza wapi jibu hilo?

3. Katika kundi lenu, nani ana mbegu, nani ana nafasi, na nani ana njaa? Kabla ya Sabato ijayo, mnaweza kuwakutanishaje watu hao watatu?