Tashtiti ya Vita Ikihamia Sayari ya Mchanga

Wanafunzi wenzangu, tashtiti hutuchekesha ili tuone uovu. Joseph Heller, aliyepigana angani katika Vita vya Pili vya Dunia, aliandika Catch-22 (1961). Humo, mwanahewa mwenda wazimu hupumzishwa akiomba. Lakini akiomba tu, ati ana akili timamu, arudi vitani!

Sasa mimi namhamisha Yossarian, mhusika mkuu, hadi sayari ya Arrakis katika Dune (1965) ya Frank Herbert. Minyoo mikubwa humeza mashine za kuvuna kiungo cha thamani. Yossarian aomba ruhusa. "Anayeogopa mnyoo ana akili. Kavune!"

Mnaona? Sayari ni nyingine, hila ni ile ile: mkubwa hutunga sheria, mdogo hufa. Basi katika mtihani usiandike "inachekesha" ukaachia hapo. Jiulize: anachekwa nani, na nani anaumia?