Mtoto Anapoamka Akilia Usiku

JUMANNE

Soma 1 Samweli 3:1–9. Eli alifanya nini kila mara Samweli alipomjia usiku?

Samweli alikuwa mtoto aliyelala hekaluni, mbali na mama yake. Mara tatu aliamka akamkimbilia mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Eli hakumkaripia, wala hakuuliza ni nani anayemfuata mtoto huyu. Alimwambia akalale tena. Kuhani mwenyewe hakuwa na haraka ya kutafsiri. Ni mara ya tatu tu ndipo alipotambua kwamba ni Bwana aliyeita.

Fikiria sasa nyumba moja huko Bukundi, mkoani Simiyu. Saa kumi usiku mtoto wa miaka mitano anapiga kelele: fisi ameingia ndani, na mgongoni kuna bibi. Wakubwa wanauliza, “Bibi yupi?” Mtoto anataja jina analolijua. Kukipambazuka mganga anatafutwa, na ndoto imekwisha kuwa ushahidi. Katika Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine wakishukiwa kwa macho mekundu tu, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa kuni na samadi kavu kwa miaka mingi jikoni.

Soma Mhubiri 5:3 na Kumbukumbu la Torati 19:15. Mafungu haya yanatusaidiaje kupima ndoto ya mtoto?

Sulemani anahusisha ndoto na wingi wa shughuli. Shughuli za mtoto ni yale aliyoyaona na kuyasikia: hadithi ya fisi wakati wa chakula cha jioni, ugomvi wa wazazi, msiba wa jirani. Homa nayo huleta ndoto mbaya, na malaria tunaijua. Mshike paji la uso kwanza. Akiwa na joto, apelekwe zahanati mapema.

Yuko pia mtoto anayepiga kelele katika saa chache za kwanza za usingizi, macho wazi, hamtambui hata mama yake, na asubuhi hakumbuki chochote. Huyo hana pepo. Ubongo wake umeamka nusu, na watoto wengi huiacha hali hiyo wanapokua. Akimwota babu aliyefariki, babu hajarudi kudai jina lake (Mhubiri 9:5).

Torati haikuridhika na shahidi mmoja aliyekuwa macho. Sembuse aliyekuwa amelala!

Basi washa taa, keti naye, mwache asimulie kwa maneno yake. Usimuulize “Ni nani?” Mtoto hujibu lile mkubwa analotaka kusikia. Omba naye kwa sauti ya chini, maana watu wazima wakimzunguka wakikemea, ataamini kwamba kweli kuna kitu chumbani.

Lakini ndoto ileile ikirudi usiku baada ya usiku, na mtoto akaogopa mtu fulani hata mchana, isipuuzwe. Huenda yupo anayempiga au kumdhulumu, na hilo ni la kupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, si kwa mganga.

Swali la kujadili: Karibu na kanisa lenu, ni bibi gani anayeishi peke yake, na ni nani aliyemtembelea juma hili?