Stempu ya 1935: niibandue?

SWALI: Marehemu babu, aliyefanya kazi relini, alituachia postikadi yenye stempu ya jubilii ya 1935 na muhuri wa Makindu. Niibandue stempu niiuze?
Msomaji, Wote, Makueni

JIBU: Tafadhali, usiibandue! Stempu hiyo ya Mfalme George V na kasri la Windsor iliadhimisha miaka 25 ya utawala wake. Iliuzwa kote Kenya, Uganda na Tanganyika, hivyo ikibanduliwa haina upekee. Wakusanyaji watauangalia muhuri: kadi ilipita posta ya Makindu, kando ya reli, siku fulani inayosomeka. Ukiitoa stempu, ushahidi huo unakatika vipande viwili. Ihifadhi kadi pakavu, mbali na jua, na usiitie selotepu.