Elimu ya Fedha: Husomwaje, na Hufungua Kazi Gani?



Mzee mmoja wa Vwawa, mkulima wa kahawa, aliniletea swali ambalo naona yafaa lijibiwe mbele ya wote. Binti yake amemaliza kidato cha sita, naye ataka kwenda chuo kikuu kusoma fedha. Mzee akasema, "Mwalimu, kumbe fedha husomwa? Mimi najua huhesabiwa tu, na aliye nayo huhesabu bila kufundishwa. Tena ndugu zangu wanishauri niuze nusu ya shamba ili nipate ada. Je, niuze?"

Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza, lakini halijibiki mpaka la kwanza limejibiwa.

Watu wengi wadhani ya kuwa msomi wa fedha ni yule karani akaaye nyuma ya kioo cha benki, au ni mhasibu. Sivyo. Mhasibu huandika yaliyokwisha kutokea: kilichoingia, kilichotoka, kilichosalia. Msomi wa fedha hana budi kuzijua hesabu hizo, lakini yeye hutazama mbele. Huuliza: rasilmali hii tuiweke wapi, kwa muda gani, na tukipata hasara tutasimamaje? Misingi ya elimu yake ni miwili, ya kwamba shilingi ya leo na shilingi ya mwakani hazina thamani moja, na ya kwamba hatari nayo ina bei.

Natoa mfano wa Mbozi kwetu. Mwezi wa Februari mkulima ana shida, na kahawa ingali changa mtini. Anakuja mtu na kumpa shilingi 600,000, kwa sharti la kuichukua kahawa yote mwezi wa Julai. (Wahaya wa Bukoba wana jina lake, biashara hii huiita butura.) Tuseme Julai imefika, na kahawa ile yauzwa 1,000,000. Mkulima asema, "Niliuza kwa bei ndogo." Msomi wa fedha asema, "Hukuuza, ulikopa. Ulikopa 600,000 kwa miezi mitano, ukalipa 400,000 juu yake, yaani 80,000 kila mwezi, ambayo ni zaidi ya asilimia 13 kwa mwezi." Kama angalikopa katika chama cha akiba na mikopo kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, angalilipa 60,000 tu kwa miezi ile yote. Lakini tusimwonee mnunuzi: mvua ya mawe ikiangusha matunda machanga, au bei ikianguka, hasara ni yake. Kupima kama hatari hiyo yastahili malipo makubwa namna ile, ndiyo kazi ya elimu hii.

Tunduma nako ni darasa la kila siku, maana ng'ambo ya mpaka ni Nakonde ya Zambia, na shilingi na kwacha hukutana njiani. Mwenye duka akope bidhaa za kwacha 10,000, alipe baada ya mwezi. Siku ya kukopa, tuseme kwacha moja ni shilingi 100; deni lake ni shilingi 1,000,000. Mwezi ukiisha kwacha imepanda hata 110, deni limekuwa 1,100,000, wala hakuongezewa hata mfuko mmoja wa bidhaa. Kadhalika mwenye lori alilolinunua kwa mkopo: kila siku lori lisimamapo mpakani, riba haisimami. Kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa tarehe 5 Oktoba 2019, Marais Magufuli na Lungu walikusudia kupunguza kungoja huko.

Sasa, husomwaje? Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu. Mwanzoni hufundishwa uhasibu, uchumi, hisabati, takwimu na sheria za biashara. Baadaye mambo ya benki, bima, hisa, hatifungani na upimaji wa miradi. Asiyependa hisabati asijidanganye, itamfuata mpaka mwisho. Chuo cha Usimamizi wa Fedha cha Dar es Salaam kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, baada ya mabenki kutaifishwa mwaka 1967 na nchi kuhitaji wataalamu wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chafundisha pia. Na karibu nasi, mjini Mbeya, ziko kampasi za Chuo Kikuu Mzumbe na Taasisi ya Uhasibu Tanzania.

Zamani njia hii haikuwapo. Bwana Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu aliyechunga mbuzi utotoni, alisoma Makerere, na mwaka 1966 akawa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu yetu. Wa kizazi chake walijifunza mengi ya fedha wakiwa kazini.

Na kazi? Benki hutajwa kwanza, lakini si peke yake. Ziko kampuni za bima, mifuko ya pensheni, Mamlaka ya Mapato, halmashauri, na Soko la Hisa la Dar es Salaam lililoanza kuuza hisa mwaka 1998. Mimi naona uhitaji mkubwa uko chini zaidi: vyama vya ushirika vya kahawa, vyama vya akiba na mikopo, kampuni za malori, hospitali. Huko mara nyingi fedha huwa mikononi mwa mtu mwaminifu asiyejua kupima mkopo, na uaminifu wake hauwaponyi wanachama. Lakini atakaye kuitwa mhasibu aliyethibitishwa, shahada haitoshi. Hana budi kufaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Wala kazi haiji siku ya kuvaa joho. Wengi hungoja.

Nikarudi kwa mzee. Nilimwambia, "Shamba lako lazaa kila mwaka, ada ni ya miaka mitatu. Ukiuza nusu, utakuwa umeuza na mavuno ya miaka ambayo binti atakuwa akingoja kazi. Kwanza aombe kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi. Hilo nalo ni deni: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Ikipungua, uza mavuno, usiuze miche." Binti alikuwapo, akatoa karatasi akaanza kupiga hesabu ya mavuno ya nusu shamba kwa miaka kumi. Baba yake akamtazama muda mrefu, kisha wakaenda zao bila kuniambia wameamua nini.

Atakayetumia somo hili darasani awape vijana hesabu hii. Seremala wa Tunduma aweza kukopa shilingi 500,000 katika chama kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, alipe yote baada ya miezi 6. Yuko pia mtu mtaani atakayempa kiasi hicho leo hii bila karatasi, arudishe 650,000 baada ya miezi 3. Vijana waseme mkopo wa pili ni asilimia ngapi kwa mwezi. Kisha waeleze kwa nini mtu mwenye akili zake aweza hata hivyo kuuchukua.