Mbwa Wako Akizaa, Anza na Mama

Watoto wa mbwa wanaokufa majumbani kwetu wengi hufa katika wiki mbili za kwanza, na mara nyingi kinachowaanza ni baridi na njaa. Ugonjwa huja baadaye kumalizia. Mwenye mbwa akiamka asubuhi akakuta wawili wamekauka pembeni mwa banda, husema ndivyo ilivyo, mbwa huzaa wengi ili wabaki wachache. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Mbwa jike mwenye afya, aliyeshiba na kulala mahali pakavu, anaweza kukuza watoto sita au saba wote wakafika. Kazi yetu ni kumwezesha, na inaanza kabla hajazaa.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, ingawa kuzaa siku ya 58 au ya 68 tangu alipopandwa si ajabu. Andika tarehe hiyo ukutani. Wiki tano za mwanzo hahitaji chakula cha ziada. Kuanzia wiki ya sita mwongezee kidogo kidogo, na kwa kuwa tumbo la uzazi linabana tumbo la chakula, gawa chakula chake mara tatu au nne kwa siku. Usimpe vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba ukidhani unamwandalia maziwa. Mwili ukizoea kuletewa kalsiamu kutoka nje, unachelewa kuitoa kwenye mifupa siku maziwa yanapoihitaji, na hapo ndipo mama hupata mitetemo na degedege nitakayoieleza mbele.

Kwenye chakula ndipo tunapokosea zaidi. Ugali na mchuzi uliobaki humfanya mbwa mlinzi aishi, lakini haumwezeshi kunyonyesha. Mama anahitaji protini na mafuta: dagaa, utumbo na mapupu yaliyochemshwa, mayai, vichwa vya samaki vilivyochemshwa vikapondwa na kuondolewa miiba. Ugali uwe wa kushikilia tu. Wiki ya tatu na ya nne baada ya kuzaa, watoto wanaponyonya kwa nguvu zote, atakula mara mbili hadi tatu ya kiasi chake cha kawaida, na akiomba zaidi mpe. Usipompa, mwili wake utayatoa maziwa hayo kwenye nyama yake mwenyewe. Utaona mbavu zikijitokeza na nyonga zikichongoka. Maji yawepo mchana na usiku. Sufuria ikipinduka asubuhi ikaachwa hivyo hadi jioni, watoto watalia usiku huo.

Vipo vitu vya kumkatalia hata kama vimejaa jikoni. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, kwa hiyo makombo ya pilau na rosti yasiwe chakula chake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali. Baya zaidi ni mazoea ya kumpikia mbwa mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo watu wameyakataa. Sumukuvu inayoua watu huua mbwa pia, tena ini la mbwa ni dhaifu sana mbele ya sumu hiyo. Mahindi usiyoweza kumpa mtoto wako usimpe mama anayenyonyesha.

Mahali pa kuzalia patayarishwe wiki moja au mbili kabla, ili apazoee asije akachimba shimo chini ya mgomba. Sanduku la mbao linatosha: liwe na upana wa kumruhusu alale ubavu akinyoosha miguu, na upande wa kuingilia uwe na kizingiti kifupi anachoruka yeye ila watoto hawakivuki. Ndani, kuzunguka kuta zote, pigilia fito kiasi cha sentimita kumi kutoka sakafuni na kumi kutoka ukutani. Mama akiegemea ukuta, mtoto aliyebaki nyuma ya mgongo wake anapata nafasi chini ya fito badala ya kubanwa akakosa hewa. Chini tandika magazeti, juu yake kanga au mashuka makuukuu. Maranda na pumba za mpunga hapana, kwa sababu mtoto anatoka amelowa na vumbi lile linaganda puani.

Kanga hizo zianikwe hadi zikauke kabisa, au zipigwe pasi. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye mkojo, na funza wake huingia kwenye ngozi ya watoto, uvimbe mmoja baada ya mwingine, kila mmoja una tundu dogo katikati. Siafu nao wasisahaulike, hasa majira ya mvua: kundi likipita bandani usiku, watoto wasiofungua macho hawana pa kukimbilia. Sanduku likiwa na miguu, isimamishe kwenye makopo yenye maji na tone la mafuta ya taa. Na kama nyumba ni ya Waislamu, weka sanduku upande ulio mbali na anaposwalia mtu na panapoanikwa nguo, mtu mmoja awe ndiye mhudumu, ili kila mwenye nyumba aridhike na mbwa asifukuzwe katikati ya malezi.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likishuka chini ya 37.2 hivi, uzazi uko ndani ya saa 24. Atahema, atakataa chakula, atararua magazeti. Mwache na mtu mmoja aliyemzoea. Watoto wa jirani wasije kutazama. Kwa kawaida atapasua utando mwenyewe, atakata kitovu na kumlamba mtoto hadi alie. Akichelewa, pasua wewe utando usoni kwa vidole safi, futa mdomo na pua, kisha msugue mtoto kwa kitambaa kikavu, kichwa kikiwa chini kidogo, mpaka avute pumzi. Kitovu kifungwe kwa uzi safi sentimita mbili au tatu kutoka tumboni, kikatwe mbele ya fundo na kupakwa ayodini.

Mpigie daktari wa mifugo, usingoje kukuche, iwapo anasukuma kwa nguvu nusu saa bila kutoa mtoto, au saa mbili zimepita tangu mtoto wa mwisho na bado wamo, au ametokwa na majimaji ya kijani kilichokolea kabla ya mtoto wa kwanza. Kijani hicho kina maana kwamba kondo limebanduka na aliyemo ndani hapati hewa. Kikitoka baada ya mtoto wa kwanza si cha kutisha.

Wakishazaliwa, jambo la kwanza ni joto. Wiki ya kwanza mtoto wa mbwa hawezi hata kutetemeka ili kujipasha. Anachukua joto la mama, la ndugu zake na la mahali alipolala. Dar es Salaam mwezi wa Januari huenda usihitaji kitu zaidi ya kuzuia upepo. Iringa, Njombe au Lushoto mwezi wa Julai bila joto la nyongeza unawapoteza. Anapolala mtoto pawe na nyuzi 29 hadi 32 wiki hiyo, kisha punguza taratibu. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo inafaa, na taa ya kulelea vifaranga iliyoning'inizwa upande mmoja wa sanduku inafaa zaidi, kwa kuwa mama anaweza kulala upande wa pili asiungue. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni marufuku. Hewa yake inaua mbwa na watu.

Aliyewahi kulea vifaranga hahitaji kipimajoto hapa, maana hawa husomeka vilevile. Wakirundikana mmoja juu ya mwingine wakilia, wamepata baridi. Wakitawanyika kila mmoja pembe yake wakihema, umezidisha. Wakilala ubavu kwa ubavu, kimya, miguu ikishtukashtuka usingizini, waache hivyo hivyo.

Ukimkuta mtoto amepoa, mdomo umekuwa baridi, usimtilie maziwa. Utumbo uliopoa hausagi chakula, na kinachoingia kinaweza kumpalia mapafuni. Mweke kifuani ndani ya shati, ngozi kwa ngozi, umpashe pole pole hata kama itachukua saa nzima. Akianza kutafutatafuta kwa mdomo, mrudishe kwenye chuchu. Wote wanyonye dang'a ndani ya saa 12 za kwanza, kwani kinga ya mama hupitia humo na utumbo hufunga mlango wake baada ya siku moja hivi. Mnyonge wa kundi mpeleke kwenye chuchu za nyuma, zilizo karibu na mapaja. Huko ndiko maziwa huwa mengi, na ndiko wenye nguvu hujazana wakimsukuma.

Wapime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, ukiwatofautisha kwa tone la rangi ya kucha kwenye ukucha mmoja. Aliyezaliwa na gramu 300 anatakiwa kukaribia 600 kati ya siku ya saba na ya kumi. Mtoto ambaye uzito wake umesimama siku nzima ni mgonjwa au ananyang'anywa, hata kama kwa macho unamwona mzima. Wakati huo huo kata ncha za kucha za mbele kila wiki, maana zinamkwaruza mama hadi anakataa kunyonyesha.

Maziwa ya mama yasipotosha, ya ng'ombe si mbadala. Ya mbwa yana mafuta na protini karibu mara mbili, na sukari pungufu, kwa hiyo ya ng'ombe humharisha mtoto na kumwacha na njaa. Tafuta maziwa ya unga ya watoto wa mbwa kwa daktari wa mifugo. Mtoto anyweshwe akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya, kamwe si chali, kila saa mbili au tatu wiki ya kwanza. Baada ya kila mlo msugue chini ya tumbo na mkundu kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kwa sababu hawezi kukojoa bila kulambwa.

Mama naye akaguliwe kila siku. Chuchu ikiwa ngumu, ya moto na nyekundu, au uchafu ukeni ukinuka, anahitaji dawa. Uchafu wa kahawia usionuka unaweza kuendelea wiki kadhaa. Dharura kubwa ni pale mama, hasa mwenye mwili mdogo na watoto wengi, anapoanza kutetemeka na kutembea miguu imekakamaa, kwa kawaida wiki ya pili hadi ya nne. Kalsiamu imekwisha kwenye damu. Watenge watoto mara moja, mkimbize kwa daktari. Anaweza kufa ndani ya saa chache.

Minyoo huwapata watoto tumboni na kwenye maziwa, kwa hiyo dawa inaanza wakiwa na wiki mbili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi ya nane, mama akipewa pamoja nao. Kipimo hufuata uzito, nao unao tayari. Viroboto wengi hunyonya damu ya mtoto mdogo hadi fizi zinakuwa nyeupe. Watoe kwa kitana chenye meno membamba na ufue matandiko kwa maji ya moto. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiwaguse nayo.

Wiki ya nne wawekee uji mzito uliochanganywa na dagaa waliosagwa, kwenye sinia. Siku ya kwanza watatembea humo kuliko watakavyokula.

Wapo wanaoamini mbwa mlinzi asishikwe akiwa mdogo, afungiwe gizani, apewe pilipili ili awe mkali. Wanachopata hapo ni mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayemng'ata mtoto wa nyumbani. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili ndipo mbwa anajifunza watu ni nani. Washikwe kila siku na wakubwa kwa wadogo, wasikie redio, pikipiki na mvua juu ya bati. Ulinzi atajifunza akikua, akijua nani ni wa kwake.

Usimtoe mtoto kwa mama kabla ya wiki nane. Chanjo za parvo na distempa huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya kumi na sita. Kabla ya hapo wasizurure, kwa sababu virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Distempa si shida ya uani peke yake: mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliihusisha na mbwa wa vijiji jirani. Kichaa cha mbwa kwa kawaida huchanjwa kuanzia miezi mitatu, lakini kampeni ikipita kijijini wapeleke hata walio chini ya umri huo. Shirika la Afya Duniani linataka wachanjwe nao.

Mama atarudi kwenye joto miezi michache baada ya kuachisha. Kama huna nyumba za kuwapokea watoto wa mzao ujao, panga na daktari wa mifugo atolewe kizazi mara maziwa yakikauka, na usimtupe mtoto yeyote jalalani. Mpigie afisa mifugo wa kata yako wiki hii, umuulize tarehe ya chanjo.